Kutu Haikai Mbele ya Macho

Mkinikuta nimelala chali chini ya gari la mtu, msikimbilie kuniinua. Sijaanguka. Juzi kijana wa jirani yangu hapa Likombe aliniomba nikamwangalizie gari alilotaka kununua. Mpita njia akaona miguu ya bibi na pindo la khanga vimetokeza chini ya mlango, akapiga ukunga kwamba bibi kagongwa. Watu wakajaa. Nikatoka na bisibisi mkononi, na kwa haya zangu ambazo hazijaisha mpaka uzeeni, nikawaamkia wote "shikamooni", mimi bibi yao. Kisha nikarudi chini. Mwenye gari hakufurahi. Wenye magari huwa hawafurahi nikishuka chini.

Ninyi vijana mnaanza na redio. Nimewaona. Mnafungua mlango, mnakaa, mnaegemea, mnawasha muziki, mnaangalia kama rangi inang'aa, halafu mnaanza kuvutana bei. Mimi ukiniita, kitu cha kwanza nitakachotaka ni kiti kitoke nje. Si ubishi wa kizee. Nilikuwa fundi viti. Nilianza kushona viti vya magari mjini hapa miaka ya sitini inakwisha, nikaendelea mpaka vidole vilipokataa sindano. Na fundi viti hupata bahati moja ambayo wanunuzi hawaipati: analiona gari likiwa uchi. Viti vimeng'olewa, raba za sakafuni zimekunjwa, mazulia yametandazwa juani, na lile bati ambalo mwenyewe hajalitazama tangu alipolinunua liko mbele yako, linakwambia kila kitu.

Kutu, wanangu, haikai mbele ya macho. Ile mnayoiona pembeni ya bampa, nyekundu, mnaikuna kwa kucha na kusema "hapa pamechakaa kidogo", hiyo ni salamu tu. Mwenye nyumba yuko ndani.

Wengi huniuliza msichana wa zamani zile aliingiaje gereji. Jibu ni simu. Nilisoma mpaka kidato cha pili, homa ndefu ikanirudisha nyumbani, na nilipopona nafasi yangu shuleni ilikuwa imekwenda. Kwa Kiingereza changu kidogo na mwandiko mzuri, nikapelekwa ofisi moja karibu na bandari kujaribiwa kazi ya kupokea simu. Nikakaa kitini. Simu ikalia. Nikaitazama. Ikalia tena, nami nikazidi kuitazama, mpaka ikanyamaza yenyewe. Bwana wa ofisi akaniuliza, "Binti, ulikuwa unangoja ichoke?" Sikuweza kumjibu hata yeye. Nilikuwa mtu wa kuandika kuliko kusema. Usiku nilijaza daftari kwa maneno yote niliyoyameza mchana, asubuhi nameza mengine.

Aliyeniokoa ni mjomba wangu, Mjomba Issa, kaka yake mama. Kwetu Wamakonde baba anakulisha, lakini mjomba ndiye anayekuamulia. Wengine nyumbani walishaanza kutaja majina ya wachumba. Mjomba akasema, "Mtoto huyu tumtafutie kazi isiyosema." Akanishika mkono mpaka Chikongola, nyuma ya maduka, kwa rafiki yake Fundi Selemani, Mmakua mwembamba aliyekuwa na cherehani mbili za miguu na uwanja mdogo wa kuegesha magari.

"Anajua kushona?" Fundi Selemani akauliza.

"Anajua kunyamaza."

"Basi nusu ya kazi anaijua."

Siku zile viti vilijazwa makumbi ya nazi. Sponji ilikuwa kitu cha magari ya wakubwa. Makumbi yana tabia moja nzuri sana kwa mtu mdadisi: yanakumbuka. Yakinywa maji hayasahau. Unapasua kiti cha gari ambalo mwenyewe anaapa halijawahi kunyeshewa, unakuta makumbi ya chini yameshikana, meusi, yana harufu ya kisima kilichofunikwa. Fundi Selemani hakuniruhusu kukata uzi kabla sijaingiza mkono chini ya kiti. "Mkono uone kwanza," alikuwa akisema. "Macho yanadanganywa na rangi. Mkono haujui rangi." Nikawa naingiza mkono. Chini ya viti nilikuta vitana, tasbihi, mahindi yaliyoota, siku moja kobe mdogo akiwa hai. Lakini zaidi nilikuta unyevu, na penye unyevu, ukipapasa bati, vidole vinarudi na unga wa kahawia.

Ndiyo maana nawaambia: kabla ya kununua, inueni raba. Kama imegundishwa, mwulizeni mwenyewe kwa nini. Bonyezeni kwa kidole gumba pale miguu ya abiria inapokaa, na pale kwenye kona nyuma ya kiti cha dereva, maana maji ya gari hukimbilia kona kama panya. Tazameni vichwa vya nati zinazoshikilia viti. Nati iliyofunguliwa mara kwa mara ina alama ya spana. Nati iliyooza haina pembe, imekuwa duara kama kidonge, na hiyo ukiiona usiridhike na maelezo. Na mkiona chini ya gari kuukuu pamepakwa lami mpya, nyeusi, inayonukia, msiseme "mwenye gari analitunza". Ulizeni lami inafunika nini.

Palikuwa na fundi bodi pale uwanjani kwetu, Bushiri, kijana mchangamfu wa Mikindani, mwenye maneno mengi ya kunitosha mimi na yeye. Bushiri alitoa sumaku kwenye spika ya redio iliyokufa, akawa anatembea nayo mfukoni. Ujanja wake ulikuwa wa kweli: sumaku inashika chuma, haishiki puti. Ukiipitisha juu ya mlango ikawa inanata, inanata, halafu mahali fulani ikateleza, ujue pale palikuwa na tundu, limezibwa kwa puti na kupakwa rangi. Alipata heshima kubwa. Watu wakawa wanamwita sokoni kama mganga.

Siku moja akaitwa kwenye Landrova ya mwalimu mmoja. Mnunuzi yupo, mashahidi wapo. Bushiri akatoa sumaku, akaiweka ubavuni mwa gari. Ikaanguka. Akaiweka mlangoni. Ikaanguka. Kwenye boneti, ikaanguka. Bushiri akasimama wima, akatangaza kwa huzuni, "Jamani, hili si gari. Hii ni puti tupu iliyofungwa magurudumu." Mnunuzi akaondoka. Mwalimu wa watu akabaki ameshika kichwa. Ilibidi Fundi Selemani aende mwenyewe kueleza kwamba ngozi ya Landrova ni alumini, ndugu yake sufuria, na sumaku na sufuria hazina habari. Tangu hapo Bushiri akaitwa Bushiri Sumaku.

Lakini kosa lile likazaa kosa jingine kubwa zaidi. Habari ikaenea mpaka vijijini kuwa Landrova ni alumini, na kwa kuwa alumini haishiki kutu, basi Landrova haiozi. Nilisikia watu wakilisema hilo kwa uhakika kama wanavyosema jua linachomoza mashariki. Walichosahau ni kwamba ngozi ni alumini, mifupa ni chuma. Chini kuna chasisi, zile reli mbili nene zinazobeba kila kitu, uti wa mgongo wa gari. Na reli hizo ni mapango. Zina uwazi ndani. Kinachoingia humo hukioni kamwe.

Mjomba Issa alikuwa mmoja wa wale waliosadiki kuwa Landrova haiozi.

Mjomba alikaa Kilambo, karibu na pale Mto Ruvuma unapoanza kunuka bahari. Alikuwa na mikorosho yake, na alisimamia ya mama yangu na ya mama mdogo pia. Kwa misimu kadhaa alikuwa akijinyima. Mke wake alikuwa akiota bati za nyumba. Mjomba alikuwa akiota gari. Kilambo ile ya wakati ule, mgonjwa alibebwa kwa kitanda mpaka barabarani, na barabarani nako hujui utapata nini. Mjomba alitaka gari la kupeleka watu mjini na kuwarudisha, na korosho za watu, na mihogo, na maiti pia, Mungu atuepushe. Dada zake wote wawili walimpa sehemu yao ya korosho. Kwa hiyo ndani ya gari lile, kabla hata halijaonekana, tulikuwemo ukoo mzima.

Basi ikaja Landrova moja uwanjani kwetu. Mwenyewe alikuwa bwana wa kutoa mizigo bandarini, amepata kazi mkoa mwingine, anataka kuuza. Hakuja yeye. Alimtuma dereva wake, Sefu, Myao wa Tunduru, mtu nadhifu ajabu, kola imenyooka, kiatu kinameta. Tuliagizwa kushona viti upya na kuziba turubai ili gari liuzike vizuri. Na kweli lilikuwa zuri. Sijapata kuona gari safi namna ile katika mji huu wa vumbi na moshi wa malori ya korosho. Hata matairi yalikuwa meusi kama yametolewa dukani. Sefu aliliacha huku akigeuka kulitazama, kama mtu anayeacha mtoto kwa jirani.

Mjomba alikuja mjini siku hiyo hiyo, akapita kunijulia hali, akaliona. Nilimwona mwenyewe anavyoliona. Alisahau kujibu shikamoo yangu.

"Linauzwa hili?"

"Linauzwa, mjomba."

Akalizunguka taratibu, mikono nyuma. Akalizunguka tena. "Hivyo viti, utavishona wewe?"

"Ndiyo, mjomba."

"Basi shona vizuri, mpwa wangu. Mama yako ndiye atakayekaa hapo."

Akaenda kuonana na Sefu, wakaahidiana kukutana tena pale kwetu baada ya siku chache, viti vikiwa tayari.

Nikaanza kazi. Nati ya kwanza ya benchi la nyuma ikakataa spana. Ya pili pia. Bushiri akaja na msumeno wa chuma, tukazikata moja baada ya nyingine, na kila kichwa kilipodondoka kiligawanyika tabaka tabaka kama kitunguu. Nikainua raba. Ilikuwa kiangazi, tangu mvua zikatike hatukuona hata wingu, lakini chini ya raba palikuwa na unyevu, kama paji la uso la mtu mwenye homa. Na pale alumini ilipokutana na chuma palikuwa na unga mweupe umejipanga mstari kama chokaa. Nikachukua waya, nikashuka chini ya gari, nikauingiza kwenye kitundu cha chasisi cha kutolea maji. Kitundu kilikuwa kimeziba. Nikachokonoa. Kikamwaga magamba ya kahawia yaliyochanganyika na mchanga.

Nilikaa pale chini muda mrefu. Nisiwafiche, sikuwaza kwanza habari ya mjomba. Niliwaza: imekuwaje? Ilinisumbua kama hesabu. Gari safi kuliko yote mjini, limeoza kuliko yote mjini. Nikavinusa viti; havikunuka samaki, kwa hiyo halikubeba samaki. Turubai lilikuwa na tundu moja dogo tu, kwa hiyo si mvua. Halikuwa la zamani sana. Dereva wake si mlevi wala mzembe. Makumbi ya kitini nikayaonja kwa ncha ya ulimi, msicheke, ndiyo ufundi. Yalikuwa na munyu, yaani chumvi. Lakini mji wote huu una hewa ya munyu, na magari mengine hayakuwa hivi.

Nilipoyaona yote ndipo mjomba aliponijia kichwani.

Nikamwendea Fundi Selemani. "Fundi, umeona chini ya raba?"

"Nimeona."

"Na chasisi?"

"Chasisi sijaletewa. Nimeletewa viti." Aliendelea kukata turubai. Baadaye akaweka mkasi chini. "Somoe, sikiliza. Mwenye gari ndiye mteja wangu. Siku fundi atakapoanza kuharibu soko la mteja aliyemwamini, kesho nani atamletea gari? Na mjomba wako ni rafiki yangu. Nimekaa katikati kama kitambaa kati ya sindano na mashine. Mwambie wewe."

"Mimi?"

"Wewe ni damu yake."

Hapo ndipo palikuwa pagumu. Hamtaelewa ninyi mnaobishana na wajomba zenu kwenye simu. Mpwa wa kike, aliyetolewa kwenye uchumba na mjomba huyo huyo, amwambie mjomba mbele ya watu kuwa macho yake yamemdanganya? Na mjomba alikwisha watangazia Kilambo nzima. Nilipomwendea kwa mama mdogo alikofikia nikajaribu, nikasema, "Mjomba, lile gari, labda mngelitazama chini." Akacheka. "Nani aliyekwambia fundi viti anajua chini? Landrova haiozi, mwanangu. Hata Bushiri Sumaku anajua." Maneno yangu yakaishia hapo. Yalikuwa machache tangu mwanzo.

Siku ya makubaliano mjomba alikuja na kanzu nyeupe iliyopigwa pasi. Sefu alikuwepo mapema, kitambaa begani, anafuta kioo kisicho na vumbi. Mimi nilikuwa nyuma ya gari nikimalizia mshono wa benchi, maana mkono wangu ulikuwa umegeuka mzito makusudi. Niliona kiti kikiisha na ununuzi umeisha.

"Halina hata doa," mjomba alisema, kiganja juu ya madigadi.

"Mzee, mimi siliachi lichafuke," akasema Sefu. "Bosi wangu akipanda na suruali nyeupe, anashuka nayo nyeupe."

"Hiyo ndiyo kazi."

"Wengine wanaendesha tu. Mimi ninatunza."

Mjomba akatia mkono kwenye mfuko wa kanzu. Nami bado ile hesabu ilikuwa ikinikera: usafi huu, uozo ule. Maji gani yanang'arisha juu na kula chini? Na hapo, wallahi, nilitaka kujua tu. Sikupanga. Niliangalia sindano yangu nikasema:

"Kaka Sefu."

Wote wakageuka. Bushiri aliniambia baadaye kuwa alidhani cherehani imesema.

"Huwa linaogea wapi?"

Uso wa Sefu ukafunguka. Nadhani katika miaka yote aliyoitunza ile Landrova hakuna mtu aliyewahi kumwuliza. "Swali zuri hilo, dada. Watu hawajui kuogesha gari. Ukienda bombani utapanga foleni na ndoo za akina mama mpaka jua lizame, halafu upate ndoo moja, unalipaka tope badala ya kuliosha. Mimi nina siri yangu. Nalishusha Shangani, pwani. Kila Ijumaa kabla ya swala, na siku nyingine nikipata nafasi. Naliingiza majini taratibu mpaka maji yaguse ekseli, nalipeleka mbele, nalirudisha nyuma, mawimbi yenyewe yanaliosha chini. Juu nasugua kwa makumbi. Ukitaka chini pang'ae, bahari haina mpinzani."

Fundi Selemani ndiye aliyedakia, maana Wamakua na Wayao ni watani, na mtani hana mdomo wa kufungwa.

"Myao wewe. Kwenu Tunduru bahari mnaisikia redioni. Umeiona kwa mara ya kwanza ukadhani ni bomba la bure."

"Nyie Wamakua nyamazeni. Panya wenyewe mnamla na vumbi lake, mtajua kuoga?"

"Panya hana chasisi, bwana."

Bushiri alicheka mpaka akakaa. Sefu naye akacheka. Lakini mjomba hakucheka. Kiganja chake kilikuwa kimetoka kwenye madigadi.

"Chumvi," alisema, kama anayejisemea. Kisha akamgeukia Sefu kwa upole. "Kule kwetu, kwenye mikoko, mke wangu anakwangua udongo wa chumvi. Unajua anakwangua kwa kitu gani?"

"Kwa jembe, mzee."

"Kwa kifuu cha nazi. Wanawake wote wa kule, kwa kifuu. Jembe walikwisha lijaribu. Msimu wa pili linakuwa jembamba kama jani la mhogo, wa tatu unabaki na mpini." Akakunja mikono ya kanzu. "Bushiri, nipe nyundo."

"Mzee, kanzu yako," akasema Sefu.

Mjomba alishalala chini. Tukaona miguu yake na ndara zake, tukasikia nyundo. Sikilizeni sauti hii, ndiyo elimu yenyewe, bora kuliko sumaku: chuma kizima kinaitika. Ukigonga kinasema ngo, ngo, na mkono unarudishwa. Kilichooza hakikurudishii mkono. Kinasema pwa, kama unagonga boga. Mjomba akagonga ngo. Ngo. Akasogea. Ngo. Akasogea nyuma, chini ya benchi nililokuwa nashona. Pwa. Akagonga tena pale pale, na nyundo haikutoka. Ilibidi aivute kwa mikono miwili, na ilipotoka ilikuja na kipande cha chuma kikubwa kama sahani, kikaanguka juu ya kifua chake.

Alitoka kanzu imejaa magamba ya kahawia kuanzia shingoni mpaka kiunoni. Akakiweka kile kipande juu ya boneti lile linalometa. Kilikuwa chepesi. Sefu akakishika, kikavunjika mkononi mwake kama kipande cha muhogo mkavu.

"Haiwezekani," alisema Sefu. Akainama, akatazama chini, akainuka. "Mzee, mimi gari hili nimelipenda." Akaketi juu ya tairi kuukuu, kile kitambaa chake bado begani. Fundi Selemani aliyekuwa na utani wote wa dunia aliuweka kando. Alimmiminia kahawa, akaketi karibu naye. Kwa kweli ndiye niliyemwonea huruma zaidi siku ile. Hakumdanganya mtu. Aliliua gari kwa kulitunza.

Na kosa hilo halikuwa la Sefu peke yake. Baada ya pale tulianza kuwauliza madereva, na tukagundua wengi waliokaa karibu na pwani walifanya hivyo hivyo, hasa walionyooka, wenye kujali. Wazembe ambao magari yao yalikaa na vumbi mwaka mzima ndio chasisi zao zilikuwa nzima. Kwa hiyo hapa kwetu msiogope gari chafu. Likiwa na vumbi jekundu la Newala limeganda kwenye kona zote, likaribieni kwa moyo mkunjufu. Linalometa, liulizeni limeoga nini. Na mkishalinunua, mkapita mchangani au majini kule Msimbati, siku hiyo hiyo lioshwe kwa maji baridi ya kisima, yasiyo na chumvi, chini kwanza, juu ni hiari. Vile vitundu vya chasisi vizibueni kwa waya. Fundi aliyeviweka hakuwa mjinga.

Landrova ile mwenyewe aliiuza kwa vipande. Injini ilikwenda kwa mwenye mashine ya kusaga, na ngozi yake ya alumini ikanunuliwa na wafua sufuria. Sijui ni nyumba ngapi za Chikongola zilizopika wali kwenye milango yake.

Mjomba alirudi Kilambo kwa miguu na malori, kama alivyokuja. Shangazi, yaani mke wake, alidhani sasa atapata bati. Hakupata. Msimu uliofuata mjomba akashuka na Pijo pikapu iliyokuwa ya mfanyabiashara wa Newala, nyekundu kwa udongo hata rangi yake ya kweli hatukuijua kwa muda. Kabla ya kuinunua aliigonga chini kuanzia mbele mpaka nyuma, akaigonga tena, mwenyewe wa Newala akawa anauliza watu kama huyu mzee ni mzima. Gari lile lilibeba watu wa Kilambo miaka mingi. Mama yangu alikaa mbele.

Siku aliyoileta uwanjani kwetu nimshonee kiti, mjomba alivuta kigoda akaketi karibu na cherehani yangu. Kwa kawaida hakuwa mtu wa kukaa nami. Alinitazama nikishona mshono mzima, kisha akasema:

"Somoe. Siku ile, ulipomwuliza yule Myao, ulikuwa unajua chini kumeoza?"

Nikaendelea kukanyaga cherehani.

"Nakuuliza kwa sababu," mjomba akasema, akitazama pikapu yake, "kama ningejua kwamba unajua, ningelinunua. Kwa ubishi tu. Ningelinunua siku ile ile, ningempakia mama yako, na tungekuwa tumekwisha anguka."

Nilikuwa na uzi mdomoni.